Kanisa Lenye Mtende wa Mawe

Watu wa pwani tukizungumza habari za Andalusi, mara hutajwa Msikiti Mkuu wa Qurtuba na majumba ya Alhambra kule Granada, na mazungumzo yakaishia hapo. Si ajabu. Majengo makubwa ndiyo yapigwayo picha na kutiwa katika kalenda za ukutani. Lakini leo nataka kuwachukua wasomaji mpaka mahali padogo, panapojulikana na wachache. Ni kanisa moja la shambani katika jimbo la Soria, upande wa kaskazini wa Uhispania, karibu na kijiji kiitwacho Casillas de Berlanga. Jina lake ni San Baudelio. Ukumbi wake una urefu wa mita 8 na nusu hivi, na upana wa mita 7 na nusu; madrasa nyingi za mitaani kwetu ni kubwa kuliko hapo. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba kanisa hilo lina la kutufundisha sisi wa pwani kuliko majumba yote ya wafalme, kwa jinsi lilivyojengwa na kwa jinsi lilivyouzwa.

Najua yuko atakayeuliza: kanisa latuhusu nini? Jamaa yangu mmoja nilipompa habari hizi barazani alinijibu kwa ufupi, "Waache wenyewe waomboleze, bwana. Sisi tuna yetu." Nitamjibu, lakini kwanza sharti nilieleze jengo lenyewe, maana asiyelijua hawezi kuona kilichopotea.

Kwa nje halina sura ya kumsimamisha mtu. Ni visanduku viwili vya mawe vilivyoungana, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, kuta nene zisizo na nakshi, madirisha machache tena madogo, na paa la vigae. Limesimama peke yake ubavuni mwa kilima. Nje yake mna makaburi ya kale yaliyochongwa katika mwamba, na karibu na hapo pana chemchemi. Mpita njia asiyeambiwa angedhani ni ghala ya nafaka. Alama moja tu humjulisha mwenye macho kwamba hapa pana jambo, nayo ni mlango. Mlango huo una tao ndani ya tao, na matao yenyewe si ya nusu duara kama tuyaonayo katika makanisa mengi. Miguu yake hujikunja kwa ndani, kama kwato la farasi. Ni tao lile lile alilolizoea kila aliyewahi kuona picha za Qurtuba.

Sasa ingia ndani. Katikati ya ukumbi pamesimama nguzo moja nene ya mviringo. Kutoka kichwani mwake huchipuka matao manane, yakatawanyika kila upande, manne kwenda katika pembe nne za chumba na manne kwenda katikati ya kuta nne, mfano wa makuti ya mtende. Sisi tungesema mnazi, lakini watu wa kule husema mtende, nami nafuata usemi wa wenyewe. Paa lote limeubebea mzigo wake mtende huo wa mawe. Hapana nguzo nyingine inayosaidia paa hilo. Ni hiyo moja, na kuta.

Fundi wa pwani ataielewa kazi hii upesi kuliko profesa. Tatizo la kila aliyejenga kabla ya zege na vyuma lilikuwa moja: nitafunikaje mahali papana kwa vitu vifupi? Wazee wetu walikuwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki nafasi kubwa. Ukizidi mita 3 hivi huanza kupinda. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, na ndiyo sababu misikiti ya kale imejaa nguzo. Nenda Gede ukautazame Msikiti Mkuu, uliofukuliwa baada ya kazi ya uchimbaji kuanza huko mwaka 1948. Utakuta safu tatu za nguzo, na safu ya katikati imeelekea mihrabu moja kwa moja, hata aliyesimama nyuma hamwoni imamu vizuri. Wageni hulishangaa jambo hilo na kulitafutia maana za ndani. Lakini ukiwa na boriti fupi na ukumbi mpana, nguzo hukaa pale zinapotakiwa na paa, na waumini hujipanga kandokando yake. Fundi wa Berlanga naye hakuwa na boriti za mikoko wala magogo ya fahari. Alikuwa na mawe ya pale pale kilimani. Yeye akachagua kusimamisha nguzo moja katikati na kuifanya ichanue. Tatizo lilikuwa lile lile, jibu likawa jingine, na kila mmoja alijibu kwa alichokuwa nacho.

Halafu geuka utazame upande wa magharibi wa ukumbi. Hapo pana roshani ya mawe, na chini yake mmesimama vijiguzo vyembamba vilivyopangwa kwa safu, vikiunganishwa na vitao vya kwato la farasi. Kimo chake ni kifupi. Mtu akipita katikati yake ataona nguzo nyuma ya nguzo, tao nyuma ya tao, kivuli na mwanga vikipokezana. Wataalamu wengi walioandika juu ya jengo hili wameona jambo moja: ni msikiti mdogo uliotiwa ndani ya kanisa. Hawana maana kwamba palisaliwa. Wana maana kwamba aliyepanga nguzo hizo alikuwa ameshaona misikiti, na macho yake yalikuwa yamezoea kupaona mahali pa ibada kuwa ni msitu wa nguzo. Kutoka chini ya roshani hiyo kuna upenyo unaoingia katika pango la mwambani, na yadhaniwa kwamba mtawa wa upweke aliwahi kuishi humo kabla ya kanisa kujengwa, na kwamba pango ndilo lililoleta kanisa.

Lakini kinachonistaajabisha zaidi kuliko vyote ni kitu kisichoonekana. Juu kabisa ya nguzo, pale makuti ya mtende yanapoanzia, fundi ameacha chumba kidogo mno, kimefichwa kati ya matao. Ndani yake kuna kikuba kilichofumwa kwa mataruma yanayopishana, kama mtu afumavyo tenga. Kuba za namna hiyo ndizo zilizojengwa mbele ya mihrabu ya Qurtuba katika miaka ya 960, wakati wa Khalifa al-Hakam wa Pili, na ndizo zilizoigwa katika msikiti mdogo wa Bab al-Mardum mjini Toledo mwaka 999. Huko ziliwekwa mahali pa heshima ili watu waziinulie macho. Huku Berlanga fundi akaificha yake mahali ambapo hapana mtu angeketi wala kusimama. Baadhi husema chumba kilikuwa cha kuhifadhia vitu vitakatifu, wengine husema kilikuwa cha kujificha wakati wa vita. Mimi naona fundi wa kweli hafanyi ovyo hata pasipoonekana, basi.

Lakini ilikuwaje matao ya Qurtuba yakafika kanisani? Sharti tutazame nchi yenyewe. Kanisa lilijengwa katika karne ya 11, katika bonde la mto Duero, na wakati huo hapo palikuwa mpakani. Kusini ilikuwa nchi ya Waislamu, kaskazini ya Wakristo, na miji ya katikati ilibadilisha mikono mara kwa mara. Si mbali na Casillas, juu ya kilima kirefu, ingali imesimama ngome ya Gormaz, iliyotengenezwa upya na kukuzwa kwa amri ya huyo huyo al-Hakam karibu na mwaka 965. Urefu wake ni karibu mita 400, na lango lake kuu ni tao la kwato la farasi ambalo jeshi zima lingeweza kulionea kiburi. Vita vilipiganwa hapo, hilo halina shaka. Lakini mipaka haina vita siku zote. Kati ya vita na vita watu hulima, huuziana kondoo, huoleana wakati mwingine, na fundi akisifika hulipwa na yeyote mwenye fedha.

Wakristo walioishi chini ya dola ya Waislamu waliitwa kwa neno la Kiarabu, mustaarib, yaani mtu aliyeshika lugha na mwenendo wa Waarabu. Wahispania wakaligeuza likawa mozárabe, na majengo ya namna ya San Baudelio mara nyingi huitwa kwa jina hilo. Sasa msomaji na asimame hapa kidogo. Shina hilo hilo la Kiarabu ndilo lililotupa sisi Waswahili maneno mstaarabu na ustaarabu. Kwetu likapanuka, likawa lamaanisha adabu na maisha ya kiungwana. Kule likabaki jina la watu na la namna ya ujenzi. Neno moja limesafiri pande mbili za dunia, na kila upande limeacha nyumba za mawe.

Nisiseme kupita kiasi. Tao la kwato la farasi halikuanza na Waislamu wa Andalusi. Lilikuwapo katika makanisa ya Wavisigothi waliotawala kabla yao. Kanisa la San Juan de Baños, la mwaka 661, linalo hata leo, na Waislamu hawakuingia nchi hiyo mpaka mwaka 711. Walilolifanya wao ni kulichukua tao walilolikuta, kulikunja zaidi, kulipamba, na kulirudisha likiwa limekamilika. Kwa hiyo tao la mlango wa San Baudelio limetoka kanisani, likaenda msikitini, likarudi kanisani. Anayetaka kuligawa na aje na kipimo chake aseme jiwe hili ni la nani na jiwe lile ni la nani. Hili ndilo jibu langu la kwanza kwa jamaa yangu wa barazani: asiseme "wenyewe" kabla hajawajua wenyewe ni kina nani.

Baada ya miaka mia moja hivi, katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, wakati eneo hilo limekwisha kuwa mikononi mwa Wakristo, waliletwa wachoraji. Wakazijaza kuta zote rangi, kutoka chini hadi juu ya makuti ya mtende. Sehemu ya juu walichora habari za Nabii Isa kama Wakristo wazisimuliavyo: kuingia kwake Yerusalemu, arusi ya Kana, kuponywa kwa kipofu, kufufuliwa kwa Lazaro, chakula cha mwisho, wanawake watatu kaburini. Hayo ni ya kawaida katika makanisa ya zama zile. Ajabu ilikuwa sehemu ya chini, pale usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Hapo palichorwa ngamia wa nundu moja, tena peke yake, ametulia kama aliyengojea msafara. Palikuwa na ndovu aliyebebeshwa ngome mgongoni. Palikuwa na dubu, askari mwenye ngao, mpanda farasi mwenye kipanga mkononi, mwindaji akiwafukuza sungura, mwingine akimlenga paa kwa mshale, na mahali pengine pazia la uongo lililochorwa ukutani, lenye ndege ndani ya duara, kama vitambaa vya hariri vilivyofumwa katika nchi za Kiislamu na kuthaminiwa na mapadri na masultani sawasawa.

Ndovu yule hachekeshi, ila aonyesha kwamba mchoraji hakupata kumwona ndovu. Yamkini alimtoa katika kitambaa au katika kasha la pembe. Mtoto wa Kwale au wa Lamu angemsahihisha. Lakini ngamia ni ngamia hasa, na shingo yake imechorwa na mkono uliojua. Kwa nini wanyama hao wakatiwa kanisani, katika ukuta wa baridi wa Soria? Wapo wasemao ni mfano wa fahari ya wakubwa, wapo wasemao wachoraji waliiga mapambo ya majumba ya maamiri. Mimi nina hakika na jambo moja tu: aliyelipia kazi ile hakuona aibu kuzungukwa na vitu vya jirani yake aliyekuwa akipigana naye.

Picha zikakaa ukutani miaka 800.

Mwaka 1907 wataalamu wa Kihispania wakachapisha habari za kanisa hilo, na dunia ya wasomi ikalijua. Mwaka 1917 serikali ikalitangaza kuwa ni kumbukumbu ya taifa. Hapo mtu angesema, alhamdulillahi, limesalimika. Kumbe kulitangaza ndiko kulikowafungua macho wafanya biashara. Jengo halikuwa la serikali, wala halikuwa la uaskofu. Lilikuwa mali ya wanakijiji wachache, wakulima wa ardhi ya mawe. Mwaka 1922 akaja mnunuzi wa vitu vya kale aitwaye Leone Levi, akawatolea peseta 65,000 kwa picha zilizo ukutani. Wakauza.

Wengi walioandika juu ya mkasa huu huwamwagia wanakijiji lawama zote. Mimi siwezi. Peseta 65,000 kwa wakulima wa mahali kama pale zilikuwa fedha ambazo hawakuwahi kuziona wala baba zao hawakuziona. Na aliyewatajia bei alijua thamani ya kitu kuliko wao. Serikali iliwapa karatasi ya kusema jengo lenu ni tukufu. Mnunuzi aliwapa fedha taslimu. Heshima isiyo na gharama kwa mwenye kuitoa haimzuii maskini kuuza, na sijui kwa nini twatazamia imzuie.

Jinsi picha zilivyoondolewa ni kazi ya ufundi nayo, ingawa ni ufundi wa kuchukiza. Ukuta hupakwa gundi nzito, juu yake hubandikwa kitambaa. Gundi ikikauka hujikaza, na kitambaa kikivutwa polepole hung'oka na ngozi ya juu ya rangi, kama mtu achunavyo mnyama. Kisha ngozi hiyo hupachikwa kwenye turubai, ikakunjwa, ikasafirishwa. Serikali ilijaribu kuzuia, kesi ikaendeshwa mpaka mahakama kuu ya nchi, na mwaka 1925 mahakama ikaamua kwamba mauzo yalikuwa halali, kwa kuwa mwenye mali ana haki ya kuuza mali yake. Mwaka 1926 picha zikatoka Uhispania. Mwaka huo huo serikali ikatoa amri mpya ya kulinda hazina za taifa.

Zikaangukia Marekani, nazo zikagawanywa kama nyama ya harambee. Kuingia Yerusalemu na arusi ya Kana zikaenda Indianapolis. Chakula cha mwisho na wanawake watatu kaburini zikaenda Boston. Mpanda farasi mwenye kipanga akaenda Cincinnati. Ngamia yuko New York, katika jumba la makumbusho liitwalo The Cloisters, na kipofu na Lazaro wako pamoja naye. Hivyo chumba kimoja cha mita 8 kimekuwa ni miji minne iliyotengana kwa mamia ya maili. Aliyezoea kusimama chini ya mtende ule na kugeuka shingo tu ili aone kisa chote, leo angehitaji tiketi za ndege.

Sasa lafuata jambo ambalo hunitia uchungu zaidi kuliko mauzo yenyewe. Mwaka 1957 Uhispania ilirudishiwa sehemu ya picha hizo. Ndovu, dubu, askari, wawindaji na pazia vikarejea, vikawekwa katika makumbusho ya Prado mjini Madrid, navyo vingali huko, kwa mkopo usio na mwisho. Lakini vilirejea kwa badali. Wamarekani walipewa sehemu ya mbele ya kanisa jingine la kijijini, San Martín la Fuentidueña katika jimbo la Segovia, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 12. Lilikuwa gofu, lakini ile nusu duara ya madhabahu ilikuwa imesimama nzima. Ikavunjwa jiwe baada ya jiwe, mawe zaidi ya 3,000, yakapakiwa melini, yakajengwa upya New York, na mwaka 1961 watu wakafunguliwa milango waje watazame. Hiyo nayo ni kwa mkopo usio na mwisho.

Wako wanaoisifu biashara hiyo, kwamba kila upande umepata. Mimi nasema hapana. Kijiji cha kwanza kilivuliwa nguo, na ili kurudishiwa nusu ya nguo ile kikavuliwa kijiji cha pili. Tena nguo hazikurudi Casillas de Berlanga. Zilikwenda mji mkuu. Anayekwenda San Baudelio leo hukuta kuta zenye vivuli. Gundi haikufaulu kuchukua kila kitu. Rangi iliyonyonywa na lipu imebaki, imefifia, na mwenye subira huona mstari wa mgongo wa ngamia pale alipokuwa.

Niligusia jibu la kwanza kwa jamaa yangu. La pili ndilo zito, nalo liko hapa hapa pwani.

Nani hajaona kaburi la nguzo lenye vitundu vya duara vitupu? Vitundu hivyo vilikuwa na vibakuli vya Kichina. Wazee wetu walivipachika katika makaburi na misikiti, na nyumba nyingine ziliviweka hata chini ya birika la maji, wakafuga samaki humo wale viluwiluwi vya mbu. Kaburi la Mambrui lajulikana kwa vibakuli vyake. Lakini mahali pengi vimeng'olewa kwa patasi, kimoja kimoja, na kilichobaki ni alama ya duara katika chokaa, kivuli cha kitu, kama ngamia wa Berlanga. Milango ya nakshi nayo, yuko asiyejua ilivyovuka bahari? Jirani zetu Wamijikenda wamepata msiba kama huo kwa vigango vyao. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa Kenya mwaka 2007 kutoka makumbusho ya Marekani, baada ya familia kungoja miaka 22, na vingi zaidi havijarudi. Wamijikenda hawakuuza, waliibiwa. Mwisho wake ni ule ule, ukuta mtupu huku, na kibao cha maelezo kule.

Tuna jambo moja ambalo wakulima wa Soria hawakuwa nalo. Msikiti si mali ya mtu. Ni wakfu, hauuzwi, haurithiwi, hautolewi zawadi. Laiti San Baudelio lingekuwa chini ya kanuni kama hiyo, Bwana Levi angerudi na peseta zake. Lakini nauliza kwa heshima, wakfu ni ardhi na kuta tu, au ni pamoja na mihrabu ya mawe ya bahari aliyoichonga fundi miaka 300 iliyopita? Maana nimeona, katika msikiti mmoja mdogo nisioutaja, mihrabu ya namna hiyo ikivunjwa kwa nyundo asubuhi moja ili mahali pake pabandikwe vigae vyenye kung'aa vilivyotolewa na mfadhili. Hapana aliyeuza kitu, wala hapana aliyekula rushwa. Kila mtu alikuwa na nia njema, na kufikia adhuhuri kifusi kilikuwa kimeshapakiwa mkokotenini.

Sisemi watu wasali katika gofu linalovuja. Watoto wameongezeka, mitaa imejaa, na msikiti wa safu tatu hautoshi tena. Nasema kujenga kipya hakulazimu kuvunja cha kale, na penye ulazima wa kuvunja hakulazimu kutupa. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na Gede imeingizwa mwaka 2024. Hayo ni mema, nami nayafurahia. Lakini Gede na Lamu ni Qurtuba yetu na Alhambra yetu. Nani anautazama msikiti wa kijiji, wenye safu tatu, kisima kimoja na mawe ya kusugulia miguu mlangoni, ambao haumo katika orodha yoyote? San Baudelio lilikuwa na karatasi ya serikali mfukoni na bado likachunwa. Usio na karatasi utakuwaje?

Kuna kazi ambayo haihitaji mfadhili wala waziri. Kila kamati ya msikiti ina kijana mwenye simu ya kupigia picha. Kabla fundi hajashika nyundo, na apige picha mihrabu, mimbari, maandishi ya ukutani, birika na vibakuli vyake ikiwa vimesalia, kwa karibu na kwa mbali, na apime kwa futi kamba kutoka ukuta hadi ukuta na kutoka nguzo hadi nguzo. Ayaandike majina ya mafundi kama yangali midomoni mwa wazee, maana mafundi wa Berlanga hatuwajui hata mmoja. Nakala moja ikae msikitini, nyingine ipelekwe makumbusho ya Fort Jesus au ya Lamu. Na kama mihrabu ni lazima iondoke, iondolewe jiwe kwa jiwe na ihifadhiwe katika ua wa msikiti ule ule, si kwa mtu, si mjini, wala si kwa mkopo.

Jamaa yangu nimempa picha ya San Baudelio kutoka katika kitabu changu. Ameichukua nyumbani. Alipoirudisha hakutaja kanisa. Aliniuliza kama mimi namkumbuka fundi aliyejenga msikiti wa kijijini kwao, na mimi simkumbuki. Tumekubaliana kwenda kumwuliza mama yake Jumapili ijayo, kwani ana umri mkubwa na kumbukumbu yake ingali nzima.